Homa ya Mchana, Msiba wa Alfajiri

Mama msomaji, kuna mtoto mmoja ambaye sijamsahau, wala sidhani kama nitamsahau. Alikuwa wa kike, mwenye umri wa mwaka 1 na miezi 3, mnene, na mama yake alikuwa amemsuka nywele vizuri kwa uzi. Aliletwa saa nane mchana kwenye zahanati niliyokuwa nikifanya kazi, nami nilikuwa na miaka michache tu tangu nimalize chuo cha uuguzi. Homa ilikuwa imempanda tangu asubuhi. Alikuwa ametapika mara moja na amekataa uji. Damu ilipimwa kwa darubini, vikaonekana vijidudu vichache vya malaria.

Mama yule alisema neno moja ambalo sikulitilia maanani. Alisema, "Nesi, huyu leo hataki nimshike miguu. Nikimbeba mgongoni analia." Nilimjibu kwamba homa humuumiza mtoto mwili mzima. Nilimshika mkono, nikauona wa baridi wakati kifua chake kilikuwa kinachemka, na hilo nalo nikalipita. Mtoto alikuwa amevalishwa suruali nzito na soksi, kama tunavyowafanyia watoto wenye homa ingawa si vizuri. Sikumvua soksi. Niliwapa dawa ya malaria na panado, nikamwambia mama arudi kesho kutwa kama hali haitakuwa nzuri.

Saa nne usiku bibi yake alipokuwa akimbadilisha nepi aliona alama mbili tatu pajani, akadhani ni kunguni. Ilipofika saa sita alama zilikuwa zimeenea miguuni na matakoni, nyingine kubwa kama sarafu, rangi yake kama ya mtoto aliyekalia zambarau zilizoiva. Baba alikwenda kugonga kwa jirani mwenye gari. Walifika hospitali ya wilaya saa nane usiku, wakapokewa, mtoto akatundikiwa maji na kuchomwa sindano, lakini kabla ya saa kumi na mbili alfajiri alikuwa amefariki. Tangu homa ya kwanza hadi mwisho hazikutimia saa 24.

Nilikwenda msibani. Mama yule aliinuka mkekani, akanishika mkono, akaniambia, "Asante kwa kuja, nesi." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana mbele ya watu.

Jina linalotupoteza

Ugonjwa uliomchukua mtoto huyo huletwa na bakteria aitwaye meningokoki. Sisi kwa Kiswahili tunauita homa ya uti wa mgongo, na mara nyingi nafikiri jina hili limetuponza. Mama akisikia uti wa mgongo, anatazamia mtoto alalamike mgongo. Ukweli ni kwamba kinachoshambuliwa ni utando unaofunika ubongo na kushuka pamoja na uti wa mgongo. Ndiyo maana mkubwa anaumwa kichwa sana, anakakamaa shingo, hataki mwanga, na mwishowe anachanganyikiwa. Zaidi ya hapo, homa ya uti wa mgongo si ugonjwa wa mdudu mmoja. Wapo bakteria wengine wanaoileta, wapo virusi, hata kifua kikuu chaweza kuileta.

Lakini meningokoki ana njia ya pili, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Anaweza kuingia kwenye damu na kuzaliana humo upesi mno, kabla hajafika kwenye ubongo au asifike kabisa. Mtoto wa namna hii shingo yake hulainika kama kawaida. Pengine anakutazama, anakunywa maji, anaita mama. Daktari akimpima shingo na kuiona laini, anaweza kusema si homa ya uti wa mgongo, kumbe hii ndiyo sura mbaya zaidi ya wagonjwa wa meningokoki.

Niwaeleze kinachotokea ndani. Ganda la bakteria huyu lina sumu. Anapozaliana na kufa ndani ya damu, sumu hiyo humwagika, na mwili wa mtoto hupambana nayo kwa nguvu zote. Mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Wakati huohuo damu huganda ndani ya vimishipa vyembamba kabisa, na kwa kuwa vitu vya kugandisha damu vinatumika ovyo humo ndani, vinakwisha, na damu inavilia chini ya ngozi. Hayo ndiyo madoa ya zambarau. Mwili ukiona damu haitoshi, huinyima mikono na miguu ili kuuokoa moyo na ubongo. Ndiyo sababu mikono ilikuwa ya baridi na miguu ilikuwa inauma. Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo nazo zaweza kuvuja damu, na zikishindwa kazi, shinikizo la damu linaporomoka. Mtoto mdogo ana tabia ya kujikaza: shinikizo lake la damu hubaki karibu na kawaida kwa muda mrefu, halafu huanguka ghafla. Ndipo utasikia watu wakisema, "Lakini jioni alikuwa anaongea!"

Kwa nini watoto wadogo zaidi? Miezi ya kwanza mtoto hulindwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kinga hiyo hupungua, na ya kwake mwenyewe bado hajaijenga. Kati ya miezi 6 na miaka 2 anakuwa kama mtu aliyevua koti kuukuu kabla hajashonewa jipya. Watu wazima wengi tumembeba bakteria huyu puani na kooni wakati fulani bila kuugua wala kujua. Anapita kwa mate na kikohozi, kwa kubusiana, na kwa kulala wengi chumba kimoja kisicho na madirisha ya kutosha. Basi usimtafute mchawi, wala usimlaumu dada wa kazi.

Kinachotangulia madoa

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uingereza juu ya watoto na vijana 448 waliougua meningokoki, 103 kati yao wakafariki. Wazazi waliulizwa saa kwa saa waliona nini kabla ya kufika hospitali. Nilipousoma nilikaa chini. Ilionekana kwamba katika saa 4 hadi 6 za mwanzo wengi walikuwa na dalili za homa yoyote ile: joto, kutapika, kukataa chakula, kuchukia kushikwashikwa. Lakini karibu watoto 72 kwa kila 100 walikuwa na mojawapo ya mambo matatu mapema zaidi ya madoa na shingo ngumu: maumivu ya miguu, mikono na miguu ya baridi, au rangi ya ngozi isiyo ya kawaida. Mambo hayo yalianza wastani wa saa 8 tangu kuugua. Kulazwa hospitali kulikuja wastani wa saa 19. Na huko, kwenye nchi yenye madaktari tele, karibu nusu ya watoto hao walipoonwa mara ya kwanza walirudishwa nyumbani.

Sisemi haya ili kujitetea. Nasema ili ujue kwamba wewe mama unayelala naye unaweza kuona kitu ambacho sisi wenye makoti meupe tumekipita, na una haki ya kurudi saa mbili baadaye, si kesho kutwa. Ukirudi, usione haya. Sema waziwazi: "Tangu nimeondoka hapa amebadilika. Miguu imekuwa baridi. Anapumua haraka. Hanifuati kwa macho." Maneno ya namna hiyo yanamsaidia mhudumu kuliko kusema tu kwamba homa haijashuka.

Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Mtazame utosi wake akiwa ametulia na umemkalisha wima: ukiwa umetuna na kukaza, hiyo ni hatari. Wengi wetu tulifundishwa na bibi zetu kuogopa utosi uliobonyea, na ni kweli huo ni dalili ya kupungukiwa maji, lakini huu uliotuna ndio wenye habari ya ubongo. Sikiliza kilio chake. Kilio chembamba cha juu, au kuguna mfululizo, si kilio cha njaa. Mtoto anayelia zaidi unapombeba kuliko unapomlaza, huyo anaumwa mahali.

Sasa madoa yenyewe. Mvue mtoto nguo zote, na mwanga uwe wa kutosha. Ngozi yetu nyeusi huyaficha, kwa hiyo tazama kwanza penye weupe: viganja vya mikono, nyayo, ndani ya kope la chini, kaakaa na ufizi. Mwanzoni yanaweza kuwa vitone kama vya ncha ya pini. Chukua bilauri ya kioo isiyo na rangi, ikandamize ubavu wake juu ya doa. Upele wa kawaida wa joto au wa surua hufifia ukiukandamiza, lakini damu iliyovilia haifichiki, utaiona pale pale chini ya kioo. Ukiona hivyo kwa mtoto mwenye homa, usingoje kupambazuke wala usingoje baba arudi safari. Ila nakusihi jambo moja: usiyangoje madoa ndipo uende. Wapo watoto wasioyapata kabisa, na wanaoyapata huyapata wamechelewa.

Kuna na suala la malaria. Kipimo kikionyesha malaria, hicho si cheti cha kwamba hana kitu kingine. Katika maeneo yetu mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na huku kinachomuua ni bakteria.

Degedege na sindano

Hili lazima tulizungumze waziwazi, akina mama. Mahali pengi mtoto akikakamaa na kugeuza macho husemwa amepata degedege, na degedege, wanasema wazee, haipatani na sindano, ukimchoma mtoto atakufa. Nimewasikia wanaosema hivyo wakiwa wamevaa vitenge vya kanisa. Mimi sidhani kwamba wazee walikuwa wajinga. Waliona kweli watoto wakichomwa sindano na kufa. Lakini watoto hao walikuwa wamefukizwa na kuzungushwa kwa waganga mchana kutwa, wakafikishwa hospitali dakika za mwisho. Watu wakaiona sindano, siku iliyopotea hawakuiona. Kwa meningokoki, sindano ndiyo kamba ya kumtolea mtoto kisimani. Dawa ya kumeza haifai hapa, maana haitafika kwenye damu kwa wakati.

Na sisi tunaosali tujitazame pia. Mwaka mmoja niliitwa nyumba ya pili kutoka kwangu, nikakuta wanawake wa jumuiya yetu wamemzunguka mtoto wa kiume wa miaka 4, shingo imekakamaa, wanaomba kwa machozi, na bajaji imesimama nje inasubiri maombi yaishe. Sikuwakatiza kwa ukali. Nilimwambia mama yake, "Dada, chukua mtoto twende, tutaomba tukiwa njiani." Tuliomba kweli, kwa sauti, dereva naye akiitikia. Mtoto yule alipona, lakini sikio moja halisikii na la pili linasikia kidogo. Sasa ni kijana. Katika ibada hukaa kiti cha mbele upande wa kulia ili aone midomo ya mhubiri.

Ukifika hospitali, watamtilia mshipani dawa yenye nguvu, siku hizi mara nyingi ni seftriaksoni, na maji kwa uangalifu, na oksijeni. Wanaweza kutaka kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano ili yapimwe. Kipimo hicho akina mama wanakiogopa sana, wakidhani humpoozesha mtoto. Sindano huingizwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, na kipimo hicho kimewasaidia wengi kupewa dawa sahihi. Kama mtoto yu hoi, daktari atakiahirisha na kuanza dawa kwanza, naye anafanya sawasawa.

Bila matibabu ugonjwa huu unaweza kuua hata nusu ya wanaougua. Kwa matibabu, bado huua karibu mmoja kwa kila 10, na waliopata sumu kwenye damu huwa katika hatari kubwa zaidi. Katika waliopona homa ya uti wa mgongo ya bakteria, karibu mmoja kwa kila 5 hubaki na kovu la kudumu: uziwi, kifafa, kuchelewa kujifunza, na pengine kukatwa vidole au mguu kwa sababu nyama ilikosa damu ikafa. Mtoto aliyepona apimwe masikio kabla hajarudi nyumbani au wiki chache baadaye. Wengi huitwa watukutu shuleni, kumbe hawasikii.

Milipuko na chanjo

Ugonjwa huu una maskani yake Afrika, katika ukanda unaotoka Senegali hadi Ethiopia, na huko hupamba moto wakati wa kiangazi na vumbi. Mwaka 1996 na 1997 uliwashika watu zaidi ya 250,000 katika ukanda huo na kuua 25,000. Kwetu pia umefika. Mwaka 1989 Nairobi ilipata mlipuko wa wagonjwa karibu 3,800. Miaka miwili kabla yake ulikuwa umezuka Makka wakati wa Hija, na tangu hapo Saudi Arabia huwadai mahujaji cheti cha chanjo. Mwaka 2021 uliwaka Banalia, katika jimbo la Tshopo huko Kongo, ukaua zaidi ya watu 200 kabla haujadhibitiwa.

Habari njema ipo, tena kubwa. Mwezi Desemba mwaka 2010 Burkina Faso ilianza kutoa chanjo mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika dhidi ya meningokoki wa kundi A, kwa bei isiyofika nusu dola kwa dozi. Watu zaidi ya milioni 350 wameipata, na tangu mwaka 2017 hakuna mgonjwa wa kundi hilo aliyethibitishwa katika ukanda ule. Makundi mengine yalichukua nafasi, hasa C na W, lakini mwaka 2024 Nigeria ilianza kutumia chanjo moja inayokinga makundi matano. Kundi B halimo katika chanjo hiyo, na ndilo linalosumbua sana Ulaya. Uingereza ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya B mwaka 2015, na mwaka uliofuata, baada ya kifo cha mtoto wa miaka 2 aliyezidi umri wa kupewa chanjo hiyo, watu zaidi ya 800,000 walitia saini wakitaka watoto wote wapewe.

Hapa niondoe dhana moja. Sindano ya chanjo tano ambayo mtoto wako huchomwa pajani akiwa mchanga inamkinga na bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo, aitwaye Hib, na ile ya nimonia inamkinga na wa tatu. Ni chanjo nzuri na usikose hata moja. Lakini hazimkingi na meningokoki. Usije ukamwambia daktari, "Haiwezi kuwa hiyo, kadi yake imejaa."

Mgonjwa akithibitishwa nyumbani, waliolala naye, waliokula naye sahani moja na waliombusu wapewe dawa ya kinga upesi, ikiwezekana ndani ya siku moja. Kwa mtu mzima huwa ni kidonge kimoja cha siprofloksasini, na watoto na wajawazito huchaguliwa inayowafaa. Hakuna haja ya kuchoma godoro wala vyombo, maana bakteria huyu hafi njaa kwa ukaidi, nje ya mwili wa binadamu hakai muda mrefu. Nimeona familia iliyofiwa ikikimbiwa na majirani hata maji ya kunywa hakuna wa kuwachotea. Majirani hao hawakuwa katika hatari yoyote kwa kupika uji na kuupeleka.

Mama yule niliyemtaja mwanzo alijaliwa mtoto mwingine baada ya miaka miwili. Alipopata homa ya kwanza alimleta kwangu, ingawa ilikuwepo zahanati iliyo karibu zaidi na kwake. Kabla sijauliza jina wala umri, alikuwa ameshamlaza kitandani na kumvua soksi zote mbili. Akaniambia, "Tazama, nesi." Nikatazama nyayo, nikatazama viganja na ndani ya kope, nikamshika miguu, ilikuwa ya moto kama mwili wote. Nikamwita daktari naye atazame. Tuliwakalisha pale hadi jioni, nikamtazama tena kila saa. Ilikuwa malaria.